Mkandarasi, Amana ya Umma na Swali la Msamaha

Serikali inapoingia mkataba na mkandarasi ili ajenge barabara, bwawa au zahanati, ni kawaida kumlipa sehemu ya thamani ya mkataba kabla kazi haijaanza, ili aweze kuleta mitambo, kuweka kambi na kununua vifaa. Sehemu hiyo huitwa malipo ya awali, nayo hukatwa kidogo kidogo katika hati za malipo zinazofuata, kadiri kazi inavyopimwa na kuthibitishwa. Mkandarasi akiyapokea malipo hayo, kisha akayamalizia nyumba zake za kupangisha au akayalipia madeni ya mradi mwingine, na barabara ikabaki kichaka, kila mtu hukubali kwamba ametenda kosa, lakini si rahisi kusema ni kosa gani. Je, ni mdaiwa aliyeshindwa kulipa, ni mwizi, au ni mtu aliyefanya khiyana katika amana? Majibu haya matatu hayalingani uzito, na kila moja humpeleka mkosaji mahali tofauti: la kwanza kwenye mahakama ya madai, la pili gerezani, na la tatu, kwa mujibu wa wanazuoni wa dini mbili zenye wafuasi wengi zaidi Afrika Mashariki, mbele ya mwenye haki ambaye hakuna ajuaye pa kumpata ili aombwe radhi.

Sheria ya jinai imelishughulikia swali hili kwa muda mrefu bila kulimaliza. Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, ambayo rasimu yake ya kwanza iliandaliwa na tume iliyoongozwa na Macaulay katika miaka ya 1830, na ambayo ilitumika pia Kenya, Uganda na Tanganyika hadi zilipotungwa kanuni mpya mwaka 1930, ililipa kosa hili kifungu chake chenyewe, cha 405. Kwa mujibu wa kifungu hicho, hatendi wizi wa kawaida mtu aliyekabidhiwa mali, au aliyepewa mamlaka juu ya mali, kisha kwa kukosa uaminifu akaifanya yake au akaitumia kinyume na masharti aliyopewa. Hutenda kosa la kuvunja amana, na adhabu hupanda hadi kifungo cha maisha iwapo mkosaji ni mtumishi wa umma, mwenye benki au wakala. Hapo ndipo ugumu unapoanza. Mahakama za India zimeshikilia mara nyingi kwamba fedha iliyolipwa kama malipo ya awali huwa mali ya aliyelipwa tangu inapoingia mkononi mwake, na kwamba asipotimiza kazi amevunja mkataba tu, isipokuwa ithibitike kwamba fedha ile ilikabidhiwa kwa ajili ya jambo maalumu na kwa sharti la kutoguswa kwa jambo jingine. Sheria hutenganisha pia nyakati za nia: aliyekuwa na nia mbaya kabla ya kupokea ni tapeli, na aliyeingiwa na nia mbaya baada ya kupokea ndiye mvunja amana. Tofauti hiyo ni sahihi katika mantiki, lakini huwapa mawakili wa utetezi nafasi pana sana, kwa kuwa ni nadra kupatikana ushahidi wa siku ambayo moyo wa mkandarasi uligeuka.

Wanazuoni wa fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, walilitazama suala hilohilo kwa kuuangalia mkono unaoshika mali. Mkono wa amana ni wa yule anayeishika mali ya mwenzake kwa ridhaa yake, naye halipi mali hiyo ikiharibika bila uzembe wala uvukaji wa mipaka; mkono wa dhamana ni wa yule anayelazimika kulipa kwa vyovyote vile, kama alivyo mporaji. Swali likawa: fundi anayepokea kazi za watu wengi, kama mshonaji, mpaka rangi au mjenzi, mkono wake ni upi? Imepokewa kwamba Ali bin Abi Talib aliwatoza mafundi dhamana kwa hoja kwamba bila hivyo watu hawatatengenekewa, na mwanazuoni Malik akaifuata njia hiyo kwa kuzingatia maslahi ya jamii. Wafuasi wa mwanazuoni Shafii, ambao ndio wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, wamelipa nguvu zaidi kauli kwamba fundi ni mwenye amana hadi uthibitike uzembe wake. Rabii, mwanafunzi wa Shafii, amepokea jambo linalostahili kuzingatiwa sana na watunga sheria wa leo: kwamba mwalimu wake aliamini fundi hana dhamana, lakini hakupenda kuitangaza rai hiyo kwa kuwahofia mafundi wabaya. Shafii alijua kwamba kanuni inaweza kuwa ya kweli na bado ikawa hatari ikifika katika masikio yasiyostahili, na kwa kunyamaza kwake alikiri kwamba haki ya mtu mmoja mwema hulindwa vibaya panapokuwa na waovu wengi.

Hata hivyo, fedha ni sehemu tu ya kile alichokabidhiwa mkandarasi, na pengine si sehemu iliyo kubwa zaidi. Nguzo ikishamwagiwa zege, hakuna mwananchi anayeweza kuhesabu nondo zilizomo ndani. Tabaka la chini la barabara likishafunikwa kwa lami, hakuna abiria anayejua kama lilishindiliwa kwa unene uliopimwa na mhandisi. Kazi za umma kwa asili yake ni kazi za kufichwa, na anayezifanya amekabidhiwa pamoja na fedha uwezo wa kuficha. Mwanafalsafa Annette Baier, katika makala yake ya mwaka 1986, alieleza kwamba kumwamini mtu ni kumwachia hiari juu ya kitu unachokithamini huku ukikubali kwamba anaweza kukudhuru nacho. Kwa maana hiyo amana haianzii benki. Inaanzia pale ambapo macho ya mwenye mali hayafiki, na mkandarasi anayebania saruji katika msingi wa shule amevunja amana hata kama kila shilingi ya mkataba imetumika katika eneo la kazi na kila risiti ipo.

Jambo hili lilimshughulisha pia Immanuel Kant. Katika kitabu chake cha mwaka 1788 kuhusu akili ya kimatendo, alitoa mfano wa mtu aliyewekewa mali, mwenyewe akafa bila kuacha maandishi yoyote, naye akajiuliza kama anaweza kuikana; Kant alijibu kwamba kanuni ya kukana amana isiyothibitika ikifanywa ya watu wote hujifuta yenyewe, kwa sababu hapatakuwa tena na mtu wa kuweka amana. Hegel alimpinga kwa kuuliza kuna mgongano gani wa kimantiki amana zikitoweka duniani. Pingamizi hilo lina nguvu dhidi ya Kant, lakini halina nguvu mbele ya ujenzi wa umma, kwa kuwa jamii inaweza kuishi bila watu kuwekeana dhahabu majumbani, na haiwezi kuishi bila kumkabidhi mtu kazi ya daraja. Na mwenye mali katika kazi za umma anafanana mno na yule marehemu wa Kant: hana hati mkononi, hajui kiasi gani kilitolewa kwa niaba yake, na warithi wake hawajui wadai nini.

Qurani imetumia neno moja zito kwa anayechukua kitu katika mali ya pamoja kabla haijagawanywa. Kitendo hicho huitwa ghululi, na katika Surat Aal Imran, aya ya 161, yameelezwa matokeo yake: atakayekifanya atakuja Siku ya Kiyama na kile alichokichukua. Mapokezi ya Hadithi yameifafanua aya hiyo kwa visa vilivyotokea katika vita vya Khaibar na baada yake, navyo vinashangaza kwa udogo wa vitu vilivyohusika. Mtumishi wa Mtume aliuawa kwa mshale, na masahaba walipompongeza kwa kufa shahidi, Mtume alisema kwamba shuka aliyoichukua katika ngawira kabla ya mgao inamwakia moto. Mtu aliyesikia hayo akaleta mara moja kamba ya kiatu, au mbili. Mwingine alipofariki, Mtume hakumsalia mwenyewe, bali aliwaambia masahaba wamsalie mwenzao, na mizigo yake ilipopekuliwa zilionekana shanga zisizofikia thamani ya dirhamu mbili. Ikiwa shanga zisizofikia dirhamu mbili zilimkosesha mtu sala ya Mtume, ni vigumu kuelewa kwa nini kiasi kinachopotea katika mradi mmoja wa maji kizungumzwe misikitini kwa sauti ya chini kuliko ulevi.

Sababu ya ukali huo haiwezi kuwa thamani ya vitu. Katika mapokezi ya Abu Daud yumo mtu aliyeleta kamba ya nywele baada ya ngawira kugawanywa na jeshi kutawanyika, akaeleza kwamba aliipata siku za vita. Alipoulizwa kama alimsikia Bilal akinadi watu walete walichonacho, na nini kilimzuia, akatoa udhuru, na Mtume akakataa kuipokea, akamwambia kwamba ataileta mwenyewe Siku ya Kiyama. Kosa la kuiba mali ya jirani lina mlango wa kutokea, kwa sababu toba katika haki za waja, yaani haki ambazo wanadamu wanadaiana wao kwa wao, hukamilika kwa kumrudishia mwenye mali au kwa kupata msamaha wake. Wenye mali ya pamoja wakishatawanyika hakuna wa kurudishiwa wala wa kusamehe, na mlango huo hufungwa na wakati. Mkandarasi wa leo yumo katika hali hiyo tangu siku ya kwanza, kwa kuwa wenye mali yake hawakuwahi kukusanyika mahali pamoja.

Wanazuoni hawakuridhika kumwacha mkosaji bila njia. Malik, Awzai, Laithi na wengine walisema kwamba aliyefanya ghululi kisha akatubu baada ya watu kutawanyika amkabidhi kiongozi sehemu ya tano na kingine akitoe sadaka kwa niaba ya wenyewe. Shafii alilikataa jibu hilo kwa hoja kavu: kama mali ni yake, halazimiki kuitoa sadaka; kama si yake, hawezi kutoa sadaka mali ya watu; basi aikabidhi kwa kiongozi kama zinavyokabidhiwa mali zilizopotea. Hoja ya Shafii inamgusa moja kwa moja mkandarasi anayejenga msikiti au kuchangia kanisa kwa fedha ya mradi wa umma, na ingefaa iwe karibu na kamati za ujenzi wa nyumba za ibada zinapopokea michango mikubwa kwa takbiri au vigelegele bila kuuliza imetoka wapi. Sadaka ya mali isiyo yake haimpunguzii mtoaji deni. Inaongeza tu idadi ya watu walioigusa mali hiyo.

Mapokeo ya Kikristo yamefika karibu na hapo kwa njia nyingine. Kitabu cha Walawi, sura ya 6, kinamtaja waziwazi anayemdanganya mwenzake katika jambo la amana, na kinamtaka arudishe mali nzima na kuongeza sehemu ya tano kabla ya kuleta sadaka ya hatia. Hesabu, sura ya 5, inaongeza kwamba asipopatikana ndugu wa kurudishiwa, malipo humwendea Bwana kwa mkono wa kuhani. Augustino wa Hippo, katika barua yake kwa Macedonius, alifundisha kwamba dhambi haiondolewi ikiwa kilichochukuliwa kinaweza kurudishwa na hakirudishwi, kwa kuwa toba ya namna hiyo ni ya kuigiza. Zakayo, mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko, ambaye kwa kazi yake alikuwa mtu wa zabuni za dola ya Roma, aliahidi kurudisha mara nne; mara nyingi wahubiri hukaa sana juu ya mkuyu alioupanda na kupita haraka juu ya hesabu hiyo.

Lililo jipya katika fikra za Kikristo za karne ya 13 ni upana wa orodha ya wanaodaiwa. Tomaso wa Akwino, akijadili wajibu wa kurudisha mali, alitaja njia tisa za kushiriki katika kosa, kuanzia kuamuru na kushauri hadi kupokea, kunyamaza na kutozuia, naye akaweka bayana kwamba asiyezuia hulazimika kurudisha pale ambapo kuzuia kulikuwa wajibu wake. Hapa anaingia mhandisi mshauri aliyetia saini hati ya malipo kwa kazi ambayo haikufanyika, mkaguzi aliyepima akiwa ndani ya gari, na ofisa manunuzi aliyepokea asilimia yake. Anaingia pia yule mkusanyaji wa zaka anayetajwa na Bukhari na Muslim, Ibn Lutbiyya, aliyerudi na kusema kwamba hii ni yenu na hii nimepewa zawadi, ndipo Mtume akauliza kwa nini hakukaa nyumbani kwa wazazi wake aone kama angeletewa zawadi hiyo. Kwa kipimo hicho mkandarasi peke yake hawezi kubeba deni lote, na desturi ya kuifungia kampuni yake milango ya zabuni huku waliotia saini wakihamishiwa wilaya nyingine ni namna ya kumtoa mmoja kafara ili tisa wasalimike.

Mahakama nayo ina mipaka isiyopaswa kudharauliwa. Mikataba ya mabwawa ya Arror na Kimwarer katika kaunti ya Elgeyo Marakwet nchini Kenya ilitiwa saini mwaka 2017. Mnamo Julai 2019 maofisa wa juu wa serikali, akiwemo waziri wa fedha wa wakati huo, walishtakiwa. Mnamo Desemba 2023 mahakama iliwaachia huru, nayo ikaulaumu upande wa mashtaka kwa namna ulivyoiendesha kesi. Kisheria hakuna mtu aliyethibitika kuwa na hatia, na si haki kumwita yeyote kati yao mkosaji. Lakini wakati hukumu hiyo inasomwa malipo ya awali yalikuwa yametoka na mabwawa hayakuwapo, na hukumu ya kumwachia mtu huru haijibu, wala haikusudiwi kujibu, wakazi wa Bonde la Kerio, yalikokusudiwa mabwawa hayo, wadai kwa nani. Dini haziwezi kuifanya kazi ya mahakama. Zinachoweza kukataa ni ile dhana kwamba palipokosekana mfungwa hapana deni.

Tanzania ilishuhudia jaribio la wazi zaidi la kusamehe. Septemba 2019, Rais John Magufuli alitoa muda kwa watuhumiwa wa uhujumu uchumi, ambao makosa yao ni mapana kuliko ya ukandarasi, wakiri, waombe msamaha na kurudisha fedha, na ofisi ya mashtaka ikatangaza kwamba watuhumiwa 467 walikuwa tayari kurudisha zaidi ya shilingi bilioni 107. Baadaye yalisikika malalamiko kwamba baadhi yao walikiri ili tu watoke mahabusu, kwa kuwa shtaka la utakatishaji fedha halikuwa na dhamana, na ungamo linalotolewa kwa kuchoshwa na gereza ni vigumu kuliita toba. Liko pia swali la ndani zaidi. Rais anaweza kufuta mashtaka kupitia vyombo vyake na anaweza kupunguza adhabu, kwa sababu adhabu ni haki ya dola. Kuisamehe mali yenyewe ni jambo jingine, kwani yeye naye ni mwenye amana, na mwenye amana hana uwezo wa kumsamehe mwizi wa mali aliyowekewa. Kauli kwamba cheo ni dhamana, yaani amana, ambayo vizazi vya wanachama wa TANU viliikariri katika ahadi zao, ikichukuliwa kwa uzito wake wote, inambana kiongozi katika kusamehe kama inavyombana katika kutumia.

Kutokana na hayo, wapo wanaodhani kwamba dawa ni ukaguzi mkali zaidi, na kwamba habari za amana na moyo ziachiwe wahubiri. Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 12, kina simulizi inayoyumbisha dhana hiyo pande zote mbili. Mfalme Yoashi aliwakabidhi makuhani fedha za kukarabati hekalu, na hadi mwaka wa 23 wa utawala wake hawakuwa wamekarabati kitu, ingawa walikuwa watu wa madhabahuni. Ndipo kuhani Yehoyada akaweka sanduku lenye tundu, na fedha ikawa inahesabiwa na mwandishi wa mfalme pamoja na kuhani mkuu, kisha ikakabidhiwa kwa wasimamizi waliowalipa maseremala na waashi. Na wasimamizi hao, simulizi inasema, hawakudaiwa hesabu kwa sababu walikuwa waaminifu. Utakatifu wa cheo haukutosha, kwa hiyo pakawekwa wahesabuji wawili wa ofisi mbili tofauti. Lakini hesabu nayo ilikomea mahali fulani, na kuanzia hapo mawe na mbao vilitegemea tabia ya mtu. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hufika na daftari baada ya zege kukauka.

Linabaki tatizo la namna ya kurudisha. Kwa hoja ya Shafii, mkandarasi aliyetubu aipeleke fedha kwa kiongozi, yaani Hazina, na kwa taratibu za leo hakuna njia nyingine iliyo halali. Lakini Hazina ni mfuko wa taifa zima, na fedha ya daraja la kijiji kimoja ikirudi humo miaka sita baadaye, thamani yake ikiwa imepungua, itapangiwa matumizi mengine, na waliokosa daraja hawatarudishiwa chochote. Sehemu ya tano ya Walawi ilikuwa imeliona hilo, kwamba kurudisha kiasi kilekile ni kurudisha pungufu. Toba ya mkandarasi ingekuwa karibu zaidi na ukamilifu kama sheria ingemruhusu, na kumlazimisha, kulijenga daraja lenyewe, mahali palepale, chini ya mhandisi mwingine, kwa gharama yake na bila faida.

Akifa kabla ya hapo, suala huwahamia warithi wake. Kwa sheria ya Kiislamu madeni hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa, na katika mazishi ya Waislamu wengi wa pwani ndugu wa marehemu husimama na kutangaza kwamba anayemdai ajitokeze. Kwa deni la aina hii hajitokezi mtu, kwa kuwa karibu wote waliohudhuria ni wadai na hakuna hata mmoja mwenye haki ya kudai, au kusamehe, kwa niaba ya wenzake. Warithi wanaolijua faili la mkataba hawawezi kuufanya ukimya huo kuwa msamaha, na kadhi anayeugawanya urithi huo akiwa na habari ya deni anagawa mali ambayo bado haijawa ya marehemu.